“SHEIKH, SWALA YANGU INASWIHI?”: HISTORIA YA KIDONDA KISICHOPONA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu. Ukiwa na haraka, iache uisome baada ya Isha. Ni darsa ya historia, lakini imeanzia kwenye swali la fiqhi nililoulizwa. Swali lile nililijibu sawasawa kwa mujibu wa vitabu, na jibu langu hilo sahihi likamchelewesha mtu kwenda hospitali. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hasa wewe uliye imamu, mwalimu wa madrasa, au mama mwenye watoto wanaoshinda mtoni.

Mwaka 1999 nilikuwa imamu kijana hapa Tukuyu. Asubuhi moja baada ya Alfajiri, mvua yetu ya Rungwe inanyesha kama kawaida, mzee mmoja akabaki msikitini mpaka wenzake wote wakatoka. Alikuwa muuza nguo pale sokoni, mtu wa pwani ya kusini aliyepanda huku milimani miaka ya sabini, akaoa, akajenga, akawa mwenyeji. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini: “Sheikh, naona damu kwenye mkojo. Si kila siku. Je, swala yangu inaswihi?”

Nikamweleza hukumu ya mwenye udhuru. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati wa swala unapoingia, aswali, na kitakachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Akafurahi. Akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniombea dua, akaenda kufungua duka lake. Na mimi nikafurahi, maana mwanafunzi wa elimu hupenda akiulizwa swali analolijua.

Sikumuuliza: damu hii imeanza lini? Sikumuuliza: umemwona daktari? Yeye aliiogopea swala yake, na mimi nilimtuliza. Akaendelea kutawadha kila wakati wa swala kwa miaka mitatu.

Aliporudi kwangu alikuwa amekonda, anakojoa kwa shida, na damu imekuwa mabonge. Wanawe walimpeleka Mbeya, na kutoka Mbeya akaandikiwa kwenda Dar es Salaam, Ocean Road. Nilimsindikiza. Wengi wenu mnalijua jengo lile la zamani linalotazama bahari. Wajerumani walilifungua mwaka 1897, na Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, aliwahi kufanya kazi pale. Leo ndiyo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Daktari alisoma makaratasi, kisha akamuuliza mzee maswali mawili tu ambayo hayakutoka kichwani mwangu mpaka leo. La kwanza: “Mzee, umekulia wapi?” La pili: “Ulipokuwa mtoto, ulikuwa unakojoa damu?”

Mzee wetu akacheka, japo alikuwa na maumivu. Akasema: “Daktari, kwetu sisi watoto wote wa kiume tulikojoa damu. Tukiambiwa, sasa umeshakuwa mwanamume.”

Daktari akaweka kalamu chini.

Mzee wetu alifariki mwaka 2003. Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Allah amrehemu, amsamehe, na ayafanye maradhi yake kuwa kafara. Tangu siku ile nilianza kusoma na kuuliza: kuna uhusiano gani kati ya mtoto anayeogelea bwawani na mzee anayekufa kwa saratani ya kibofu miaka hamsini baadaye? Niliyoyapata ndiyo haya.

NENO LENYEWE

Tuanze na jina. Saratani ni neno la Kiarabu, *saratan*, na maana yake ya asili ni kaa, yule wa baharini. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa sababu uvimbe wake hutandaza mishipa pembeni mfano wa miguu ya kaa, na ukishika hauachii.

Waganga wa Kiislamu waliuandika ugonjwa huu kwa makini. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika *al-Qanun* alizungumzia vimbe za aina nyingi, zile za moto zenye wekundu na maumivu, na zile ngumu, na saratani akaipa mahali pake. Kule Andalusia, karibu na Cordoba, Abul-Qasim al-Zahrawi aliandika *al-Tasrif* yapata mwaka 1000. Alishauri kwamba saratani ikiwa bado ndogo na iko mahali pa kufikika, ikatwe yote. Ikishakuwa kubwa na ya siku nyingi, tabibu asiisogelee. Na akakiri kwamba hiyo kubwa hakuwahi kumponya nayo mtu, wala hakumwona mwingine aliyeponya.

Tazama unyenyekevu wa mwanachuoni yule! Bwana mkubwa wa upasuaji katika zama zake anakiri kushindwa kwake kitabuni. Na tazama alilolisisitiza miaka elfu iliyopita: wahi.

Sasa hapo pana jambo la pili. Kabla ya Uislamu, tabibu wa Kirumi aitwaye Celsus alikuwa ameandika alama nne za sehemu ya mwili iliyoumia: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Unazijua. Ukichomwa na mwiba shambani, jioni kidole kimevimba, chekundu, cha moto, kinadunda. Kwa Kiswahili cha madaktari hali hii huitwa mchochota. Ni neema ya Allah, maana ule ni mwili unapigana. Damu inaongezeka, askari wake wanakuja, uchafu unaliwa, nyama mpya inaota, kisha vita vinakwisha na kila askari anarudi kambini.

Swali ni hili: itakuwaje vita visipokwisha?

CAIRO, 1851

Twende Misri. Kukojoa damu kulikuwa ugonjwa wa wakulima wa Nile tangu zama za Mafirauni. Mwaka 1910 mtaalamu aitwaye Marc Armand Ruffer alichunguza figo za maiti zilizohifadhiwa tangu zama hizo, zenye umri wa miaka kama elfu tatu, akakuta ndani yake mayai ya mnyoo. Lakini mnyoo wenyewe ulikuwa umeshajulikana kabla yake. Mwaka 1851 kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, akifanya kazi katika hospitali ya Qasr al-Ayni mjini Cairo, alipasua maiti na kukuta minyoo midogo ndani ya mishipa ya damu. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, bilhazia. Sisi tunauita kichocho. Bilharz mwenyewe hakuishi sana, alifariki Cairo mwaka 1862 akiwa na miaka 37.

Watu walibaki hawajui mnyoo unaingiaje mwilini. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alionyesha, hukohuko Misri, kwamba njia yake ni konokono wa majini. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono, vinaingia ndani yake na kuzaliana. Kisha vinatoka vingine vyenye mkia, vinaogelea, na mtu akiingia majini vinapenya ngozi yake. Hasikii kitu, labda muwasho kidogo tu. Ndani ya mwili minyoo hukomaa, dume na jike hukaa pamoja kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na jike hutaga mayai kila siku. Yai la kichocho hiki cha mkojo lina mwiba kwenye ncha.

Hapa, ndugu yangu, simama kidogo. Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na hadithi hiyo ni sahihi, wanafunzi wa madrasa wanaijua. Mimi sisemi kwamba hadithi ni kitabu cha biolojia, na sipendi mtindo wa kuchukua kila ugunduzi wa Wazungu na kuupachika kwenye aya. Nasema hivi tu: lau watoto wetu wangelishika katazo hilo peke yake, na watu wazima pia, mzunguko wa kichocho ungekatika pale mwanzo kabisa. Tumelisoma katika mlango wa tohara, tukalifanyia mtihani, kisha Jumamosi tukaenda mtoni na kulisahau.

KUTOKA MCHOCHOTA HADI SARATANI

Mwaka 1863, kule Berlin, tabibu Rudolf Virchow aliangalia vipande vya saratani kwa hadubini akaona jambo. Ndani ya uvimbe ule kulikuwa na chembe nyeupe za damu, wale askari wa mchochota. Akatoa rai kwamba huenda saratani huanzia mahali ambapo mwili umekuwa ukisumbuliwa na mchochota wa muda mrefu. Kwa miaka mingi rai yake haikupewa uzito.

Misri ikaleta ushahidi. Mwaka 1911 A. R. Ferguson, mwalimu wa chuo cha udaktari Cairo, aliandika kuhusu wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu, na akaihusisha saratani hiyo na kichocho. Waliokuwa wakiugua ni watu wa mashamba, watu wa mifereji, wengi wao wanaume wenye familia zinazowategemea. Kwa miongo mingi ya karne ya ishirini, saratani ya kibofu ilikuwa ndiyo saratani kubwa ya wanaume wa Misri. Katika nchi nyingine inawapata zaidi wazee, na huko sababu yake kubwa ni sigara. Ndugu yangu mvutaji, na wewe hapo umetajwa.

Inakuwaje? Nitakueleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya mtu wa madrasa.

Mayai yale yenye mwiba hayatoki yote. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unayaona kama mwiba shambani, unaleta askari, unayazingira. Lakini yai la leo likifa, kesho kuna jipya, na kesho kutwa jingine. Mnyoo mmoja huweza kuishi miaka kadhaa, na mtoto anayerudi majini kila siku anaongeza wengine. Basi vita havikwishi. Askari wa mwili wana silaha za kemikali za kuulia adui, na silaha hizo zikimwagwa miaka na miaka, zinaunguza na raia. Zinaharibu ule mwandiko ulio ndani ya chembe za mwili, mwandiko unaoiambia kila chembe izaliane lini na iache lini.

Wakati huohuo, chembe za kibofu zinalazimika kuzaliana haraka ili kuziba jeraha. Mwenye kunakili kitabu kwa haraka, usiku, kwa taa yenye moshi, atakosea herufi. Kosa moja halina madhara. Makosa yakirundikana miaka ishirini au thelathini, siku moja inapatikana chembe iliyosahau neno “acha”. Hiyo ndiyo saratani. Na ikishapatikana, haiwafukuzi wale askari wa mchochota, bali inawageuza wawe wajenzi wake, wamletee mishipa mipya ya damu na chakula.

Mwaka 1986 daktari wa Boston, Marekani, aitwaye Harold Dvorak, aliandika makala mashuhuri akifananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Nilipoambiwa habari hiyo nilikumbuka tangu utotoni kwetu tuna neno *donda ndugu*, kidonda kinachokataa kupona na kuendelea kula nyama. Bibi zetu walikiogopa kidonda cha namna hiyo kuliko jeraha kubwa la panga, na walikuwa na haki. Tangu karne ya kumi na tisa madaktari wanajua kwamba kovu la moto au kidonda cha mguuni kilichokaa miaka mingi bila kupona huweza kugeuka saratani ya ngozi. Kama nyumbani kwako kuna mtu ana kidonda cha miaka, kinachofunga na kufunguka, usimzoee. Mpeleke kikapimwe.

Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza rasmi kwamba mnyoo wa kichocho cha mkojo ni chanzo cha saratani kwa binadamu. Katika tangazo hilohilo walimtaja na bakteria wa vidonda vya tumbo. Huyu ana kisa chake. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa kwa makusudi ili kuwathibitishia wenzake kwamba yeye ndiye anayesababisha mchochota wa tumbo. Akaugua kweli, akapona, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli. Bakteria huyo akikaa tumboni miaka mingi huweza kuleta saratani ya tumbo. Basi wewe unayekunywa dawa ya kupooza kiungulia kila siku bila kupimwa, jifikirie.

Nisikutie hofu bila haki. Wengi waliopata kichocho utotoni hawakupata saratani, na wengi wenye vidonda vya tumbo hawatapata saratani. Kinachohesabiwa ni muda. Kati ya mchochota na saratani Allah ameweka miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo rehema tuliyopewa tuitumie.

MSIBA WA SINDANO

Historia hii ina ukurasa wa huzuni, na nisingekuwa mwaminifu nikiuruka.

Mwaka 1918, Khartoum, Sudan, daktari J. B. Christopherson alionyesha kwamba kichocho kinaweza kutibiwa kwa sindano za dawa ya antimoni. Ilikuwa furaha kubwa. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1980 serikali ya Misri iliendesha kampeni kubwa ya kuwachoma wananchi sindano hizo vijijini, mtu mmoja akichomwa zaidi ya mara kumi. Nia ilikuwa njema na dawa ilifanya kazi. Lakini sindano zilikuwa chache na watu wengi, zikarudiwa bila kuchemshwa ipasavyo. Ndani ya damu ya baadhi ya watu kulikuwa na kirusi ambacho wakati ule hakuna aliyekijua, kwani kilitambuliwa mwaka 1989 tu. Ni kirusi cha homa ya ini aina ya C.

Kwa hiyo mchochota ulihama. Waliokuwa wanaokolewa kibofu wakapandikiziwa mchochota wa ini, na mchochota wa ini usiopona, kwa njia ileile niliyokueleza, huzaa ini gumu lenye makovu, kisha saratani ya ini. Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani kwa kirusi hicho.

Lakini sikiliza walivyofanya. Hawakuficha. Wataalamu waliandika wazi kwamba kampeni ile ndiyo iliyosambaza kirusi. Walibadilisha matibabu ya kichocho, wakatumia vidonge vya prazikwanteli ambavyo mtu humeza bila sindano. Na dawa mpya za homa ya ini C zilipopatikana, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipima watu wapatao milioni 50, na waliokutwa na kirusi wakapewa dawa. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipa Misri daraja la dhahabu katika safari ya kutokomeza ugonjwa huo, nchi ya kwanza kulifikia.

Taifa la Waislamu lilikosea kwa nia njema, likakiri, likarekebisha. Mimi imamu mmoja wa Tukuyu nitaona haya gani kukiri kosa langu?

NA SISI HUKU RUNGWE?

Najua mtu wa Tukuyu atasema: “Sheikh, hayo ni ya Misri na ya pwani. Sisi tuko juu, maji yetu ni ya baridi, yanakimbia kwenye mawe.”

Ni kweli konokono wa kichocho hapendi maji ya baridi yanayokimbia. Lakini wewe hukai juu siku zote. Wangapi tunashuka mabondeni kulima mpunga, Kyela au Usangu? Wangapi wameoa ziwani? Wangapi wamekulia pwani au Kanda ya Ziwa na sasa wanauza duka Tukuyu, Kiwira au Ushirika? Mzee wetu aliishi milimani miaka karibu thelathini, na ugonjwa wake alikuwa ameupakia utotoni pamoja na mizigo yake. Ndiyo maana daktari hakumuuliza anaishi wapi. Alimuuliza amekulia wapi.

Nyumbani kwetu Tanzania kuna mfano wa kutupa moyo. Unguja na Pemba, ambako kichocho cha mkojo kilikuwa jambo la kawaida kwa watoto, tangu mwaka 2012 walifanya juhudi kubwa ya pamoja. Waligawa dawa kwa watu wazima na kwa wanafunzi, wakapambana na konokono kwenye maji, wakatoa elimu ya kubadili mazoea. Maambukizi yakashuka sana. Na huku bara watoto hupewa dawa za kichocho mashuleni. Ikija siku ya kumeza dawa shuleni, usimfiche mwanao kwa sababu ya maneno ya vijiweni. Mpe chakula, mpeleke, ameze.

Kina dada, na nyinyi mna fungu lenu. Kichocho hikihiki huweza kutaga mayai kwenye via vya uzazi vya mwanamke, akapata maumivu, kutokwa na damu, hata taabu ya kushika mimba. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa zinaa na kumtuhumu mke asiye na kosa. Ewe mume, kabla hujatamka neno litakalokupeleka mbele ya Allah kama mzushi, mpeleke mkeo akapimwe.

Kuna la pili, linalotuhusu watu wa baridi. Sisi tunalima chai na tunainywa. Kuna wazee hapa wanajisifu kwamba chai yao inatoka motoni inakwenda mdomoni. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya koo la chakula ni nyingi, na utafiti uliofanywa Golestan, kaskazini mwa Iran, kwa Waislamu wenzetu wapenda chai, ulionyesha kwamba wanaoinywa ikiwa moto sana hupata ugonjwa huo zaidi. Mwaka 2016 lile shirika la Lyon likasema kunywa kinywaji chenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda kunasababisha saratani. Chai haina kosa. Kinachoshukiwa ni kule kuunguza koo kila asubuhi, likijaribu kupona, ukaliunguza tena. Imepokewa kwamba Asma binti Abubakar (r.a.) alikuwa akikifunika chakula cha moto mpaka ukali wa joto lake utulie, akitarajia baraka. Basi mimina kikombe, zungumza na mkeo, soma adhkari zako za asubuhi, kisha unywe.

JIBU LANGU JIPYA

Tangu mwaka 2003 nimebadilisha namna ninavyojibu. Mtu akija na swali la damu, la kidonda, la haja isiyozuilika, namjibu hukumu ya swala yake kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomleta na ana haki ya kujibiwa. Kisha nami namuuliza yangu matatu: Imeanza lini? Umekulia wapi? Umepimwa? Na simwachii mkono mpaka aniambie atakwenda lini.

Nakuomba nawe ufanye hivyo. Nakuwekea kwa ufupi uyashike:

1. Damu kwenye mkojo si ukubwa wala urijali, na si jambo la kusubiri. Iwe mara moja, iwe haiumi, nenda ukapime mkojo. Kwa mtu mzima, hasa aliyevuka miaka arobaini, usikubali kuishia kwenye vidonge vya U.T.I. bila kuchunguzwa kama damu inarudi.

2. Ukishuka bondeni, vaa viatu vya mpira shambani inapowezekana. Maji ya kuogea na kutawadhia yaliyotekwa bwawani au mferejini, yachote bila konokono, uyaache yatulie kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, au yachemshe. Vile vijidudu vyenye mkia haviishi muda huo.

3. Msikiti na madrasa viwe na choo kinachotumika. Mwanafunzi asiye na choo atakwenda mtoni, na hapo dhambi ni yetu wazee kuliko yake.

4. Watoto wapewe chanjo zao zote. Miongoni mwake imo ya homa ya ini aina ya B, nayo ni mchochota wa ini unaoweza kuzaa saratani ukiachwa.

5. Kidonda kisichopona, kiungulia kisichokwisha, chakula kinachokwama kooni: vyote ni vya kupimwa. Usitangulize kusema nimerogwa, wala usikae ukangoja kisomo peke yake. Kisomo kina nafasi yake, nami ninakisoma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, na akatuamrisha tujitibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Al-Zahrawi alilisema hilo kwa kisu mkononi, na yule daktari wa Ocean Road alilisema kwa kuweka kalamu chini.

Mzee wetu hakunilaumu. Siku ya mwisho niliyokaa naye aliniuliza tena, maana mpira wa mkojo ulikuwa umewekwa: “Sheikh, hivi nilivyo, swala yangu inaswihi?” Nikamwambia, inaswihi mzee wangu, inaswihi. Akatikisa kichwa, akafumba macho. Nami nikatoka nje nikasimama ukumbini, nikitazama bahari, nikijua kwamba kwa mara ya pili nimemjibu sawasawa, na safari hii hapakuwa na swali la kumuuliza lililobaki na faida.

Ewe Allah, tupe elimu yenye manufaa, na utupe ujasiri wa kuuliza kabla ya kujibu. Waponye wagonjwa wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Kama umepata faida, mfikishie aliyekulia pwani au ziwani. Na kama unaona damu na unaona haya, nenda kesho asubuhi.

Wallahu a’alam. Wabillahi tawfiq.